Taa za Vyumba vya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye mabucha makubwa, viwanda vya samaki, maghala ya matunda na maua, na mafundi wanaowafungia umeme. Tukisema "chumba cha baridi" tunamaanisha kile cha nyuzi 0 hadi 8 za Selsiasi. "Friza" ni chumba cha nyuzi -18 kwenda chini.

Taa ni taa. Kwa nini chumba cha baridi kitake ya peke yake?

Kwa sababu humo ndani umeme wa taa unaulipia mara mbili. Wati zote zinazoingia kwenye taa huishia kuwa joto. Zisizogeuka mwanga hupasha mwili wa taa, na mwanga wenyewe ukishagonga kuta, maboksi na sakafu, nao hugeuka joto. Joto hilo halina njia ya kutoka mpaka kompresa ilitoe. Katika chumba cha nyuzi 2, kompresa itatumia kama wati 30 hadi 40 kuondoa joto la wati 100 za taa. Kwenye friza ya nyuzi -20, na kondensa (kile kifaa cha nje kinachomwaga joto) ikipigwa na jua la Dar es Salaam au Mombasa, weka hesabu ya wati 60 hadi 80.

Kwa hiyo taa ni sehemu ya mtambo wa kupoza, na ichaguliwe pamoja nao. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba chumba kinajengwa, mtambo unafungwa, halafu siku ya mwisho kijana anatumwa dukani "akalete taa nne". Taa hizo nne zitakaa na bili yako miaka.

Yako mengine pia: baridi inayodhoofisha vifaa, unyevu unaotafuta pa kuingilia, maji ya kuoshea na milingoti ya folklifti. Yote tunayafikia hapa chini.

Tyubu zangu za zamani bado zinawaka. Nizibadilishe za nini?

Zinawaka, lakini kwa kiasi gani? Tyubu ya kawaida imeundwa ifanye kazi vizuri hewa ikiwa nyuzi 25 hivi. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki, na ndio unaozalisha mwanga. Tyubu ikipoa, mvuke unapungua na mwanga unapungua nao. Ndani ya friza unaweza kubaki na chini ya nusu ya mwanga ulioulipia, na bili haishuki kwa kiasi hicho. Stata nazo huhangaika: taa inapepesa, inapepesa, inakata tamaa. Kila kupepesa kunachoma ncha za tyubu, ndiyo maana unaziona zimekuwa nyeusi mapema.

Kuna la pili, na kwa mtu wa chakula ndilo zito zaidi: tyubu ni kioo chenye zebaki, na iko juu ya nyama. Kanuni za usafi wa chakula za Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, zinataka taa zikingwe ili zikivunjika zisichafue chakula, na mkaguzi yeyote wa mnunuzi wa Ulaya ataanza kwa kuangalia juu.

Na hata ukiamua kuvumilia, soko halitakusubiri. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki walikubaliana utengenezaji na uagizaji wa tyubu hizi ukome ifikapo 2027.

Na zile taa kubwa za gesi (metal halide) za wati 400 za maghala?

Hizo ndizo za kung'oa kwanza. Umeme ukikatika hata kwa sekunde chache, taa ya aina hiyo haiwaki tena papo hapo. Lazima ipoe, kisha ianze kupanda taratibu, dakika 10 hadi 15. Kwa huku kwetu maana yake inajulikana: jenereta limeshashika, kompresa zinazunguka, na vijana wamesimama gizani na folklifti wakisubiri taa. Mwenye ghala anaona heri ziwake saa 24 kuliko kuzizima, na hapo hasara inakamilika.

Chukua ghala la friza lenye taa 12 za namna hiyo. Pamoja na choki, kila moja inavuta kama wati 450, jumla kilowati 5.4. Kwa saa 24 ni yuniti 129.6. Ongeza theluthi mbili yake kwa ajili ya kompresa, unafika yuniti 216 kwa siku. Weka badala yake LED 12 za wati 150, ambazo kwa kawaida huziba nafasi hiyo kwa sababu mwanga wake unaelekezwa chini moja kwa moja. Ni yuniti 43.2 za taa na 28.8 za kompresa, jumla 72. Tofauti ni yuniti 144 kila siku, kabla hujafunga sensa hata moja. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa wewe, halafu ndipo uulize bei ya taa.

Basi LED yoyote inafaa?

Hapana. Chipu ya LED yenyewe inapenda baridi: inatoa mwanga zaidi kidogo na inaishi muda mrefu. Tatizo ni draiva, kile kiboksi kinachobadilisha umeme. Ndani yake kuna kapasita zenye kimiminika, na baridi kali huzinyima nguvu. Taa iliyoandikwa -20 ukiifunga kwenye friza ya -25 inaweza kuwaka vizuri siku ya makabidhiano, wakati chumba bado hakijashuka, kisha ikagoma wiki inayofuata asubuhi baada ya kuzimwa usiku kucha.

Kwenye boksi au karatasi ya taa tafuta haya. Kiwango cha chini cha joto la kufanyia kazi, kiwe chini ya joto la chumba chako kwa nyuzi 5 hadi 10: friza ya -22 inunuliwe taa ya -30. Namba ya IP, inayoeleza kinga dhidi ya vumbi na maji. IP65 inavumilia maji ya mpira, IP66 maji ya mpira yenye nguvu zaidi, na IP69 inastahimili mashine ya presha yenye maji ya moto ya nyuzi 80. Chumba cha kuhifadhia maboksi kinatosheka na IP65 ya kweli. Chumba cha kukatia minofu kinachopigwa presha kila jioni kinataka IP69. Namba ya IK ni ya kugongwa: IK08 inahimili pigo la jouli 5 (jouli ni kipimo cha nishati ya pigo), IK10 la jouli 20. Palipo na folklifti usishuke chini ya IK10. Kava iwe ya polikaboneti, siyo kioo.

Ahadi ya "saa 50,000" isome kwa makini. Mara nyingi inahusu chipu kufifia hadi asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo. Draiva inaweza kufa kabla, kwa hiyo muulize muuzaji dhamana ya draiva ni miaka mingapi na kama ya akiba ipo dukani kwake leo.

Nilinunua IP65, na bado imejaa maji. Nimeuziwa feki?

Labda. IP65 za stika zipo tele. Lakini taa nyingi halali hufa hivihivi, na aliyeziua ni tundu la waya.

Fungua kava ya taa iliyokufa kwenye friza uangalie. Chini ya kava kuna kidimbwi kidogo cha maji yaliyoganda. Mpira wa kava ni mzima, skrubu zimekaza. Sasa fuata waya kurudi nyuma: pale unapoingilia, ndani ya glandi (kile kibano kinachoushika waya mlangoni mwa taa), kuna kipande cha barafu kimeushika waya kama kizibo. Kipande hicho hakikutoka ndani ya chumba. Kimetoka juu ya dari.

Hewa ya mwambao ina mvuke mwingi. Dar es Salaam wakati wa masika, hewa hiyo huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 24 hivi tu. Juu ya dari ya friza kuna joto na unyevu, na ndani kuna ukavu wa baridi. Mvuke husukumwa kuelekea kwenye baridi kupitia upenyo wowote, na paipu ya waya iliyoachwa wazi ni barabara ya lami. Unasafiri ndani ya paipu, unafika kwenye taa, unageuka maji, unaganda. Taa ikiwaka barafu inayeyuka juu ya draiva, ikizimwa inaganda tena.

Dawa yake ni rahisi na karibu kila mtu huiruka. Paipu izibwe ndani yake, kuzunguka nyaya, pale inapopita kwenye paneli, siyo kupakwa silikoni kwa nje pekee. Tundu la paneli lizibwe pande zote mbili, juu na chini, na katikati pajazwe povu. Glandi iwe ya ukubwa wa waya ule. Glandi kubwa iliyosokotewa selotepu ndani tumeshaiona, na haizuii chochote. Waya uingie kwenye taa ukitokea chini au uachiwe kitanzi kinachoning'inia, ili maji yadondoke kabla hayajafika mlangoni. Pia zipo taa zenye kipumulio kidogo cha utando, kinachoruhusu hewa kutoka na kuingia taa inapopata joto na kupoa, lakini kinazuia maji. Kwa pwani ningelipa nyongeza hiyo bila kubishana.

Waya wenyewe nao uangaliwe. Waya wa PVC wa kawaida hukakamaa kwenye baridi, na ukiukunja ndani ya friza inayofanya kazi ganda linapasuka. Ufungwe chumba kikiwa bado na joto, au utumike waya wa mpira au wa silikoni. Kama paneli zako ni za povu jeupe la polistireni badala ya poliyurethane, usiache PVC iguse povu hilo: vilainishi vya PVC huhamia kwenye povu, na baada ya muda waya unakuwa mkavu wa kukatika. Upitishe kwenye paipu.

Chumba changu kinahitaji mwanga kiasi gani?

Inategemea watu wanafanya nini humo. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka luksi 100 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika pale unapouhitaji) kwa stoo, 200 kama kuna watu wanaofanya kazi humo muda wote, na 300 kwa kufunga na kupokea mizigo. Marekani, pale mtu anapokata chakula kwa kisu wanataka luksi 540. Kisu na mwanga hafifu havipatani.

Hesabu ya haraka ni hii. Friza ya mita 10 kwa 6, unataka luksi 150. Zidisha mita za mraba 60 kwa 150, unapata lumeni 9,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa). Si mwanga wote unaofika chini, na taa huchakaa na kuchafuka, kwa hiyo gawa kwa 0.48. Jibu ni lumeni 18,750. Taa nne za wati 40 zinazotoa lumeni 120 kwa kila wati zinakupa 19,200. Zinatosha.

Hesabu hii inafaa chumba cheupe kisicho na rafu ndefu. Palipo na rafu za mita 8, mwanga wa wastani ni namba ya kwenye karatasi tu: kinachotakiwa ni mwanga unaofika kwenye lebo ya boksi la chini kabisa.

Usizidishe taa kwa kuogopa giza. Kila taa ya ziada kwenye friza ni hita ndogo.

Rangi gani ya mwanga inafaa nyama? Na samaki?

Kwa kazi za kawaida, nyeupe ya wastani, kelvini 4000. Ile ya 6500 inayojaa madukani inaifanya nyama ionekane ya kijivu na macho ya watu kuchoka, ingawa kwa minofu ya samaki na vyumba vya barafu si mbaya. Kinachozidi rangi kwa umuhimu ni uaminifu wa rangi, unaoandikwa Ra au CRI. Usikubali chini ya 80. Panapokaguliwa nyama, tafuta 90, na uulize namba ya R9, inayohusu rangi nyekundu. Taa yenye R9 ya chini inaweza kumficha mkaguzi nyama iliyoanza kubadilika.

Kuhusu zile taa nyekundu za buchani: mnunuzi anaonyeshwa taa, haonyeshwi nyama. Kanuni za Codex zinasema mwanga usizuie kasoro za chakula kuonekana, na ndani ya ghala taa hizo zinakudanganya wewe mwenyewe mwenye mali.

Kuna bidhaa zinazoharibiwa na mwanga?

Zipo. Viazi mbatata— hivyo vya chipsi, vya Njombe au Nyandarua— vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kujenga solanini, sumu chungu. Vihifadhiwe gizani, na taa iwashwe mtu akiingia tu. Maziwa kwenye chupa angavu hupata ladha mbovu kwa sababu mwanga huvunja vitamini B2 na kuchokoza mafuta. Nyama nyekundu isiyofunikwa hugeuka kahawia upesi zaidi ikiachiwa taa. Kwa samaki na nyama zilizomo ndani ya maboksi, usiwe na wasiwasi.

Zifungwe sehemu gani?

Juu ya njia, siyo juu ya rafu. Taa iliyo juu ya rafu inaangaza boksi la juu peke yake, na inapata moto likisukumwa karibu nayo. Usifunge mbele ya feni za evapureta (kile kipoza hewa cha ndani ya chumba): itavaa theluji, na itasumbua hewa inayotakiwa kufika mwisho wa chumba. Usifunge pia juu ya mlango kwa ndani. Hapo hewa ya nje huingia kila mlango unapofunguliwa, barafu hujishika kwenye taa, na siku moja itamdondokea mtu kichwani.

Chumba cha kugandishia haraka, cha nyuzi -35 au chini, kifungiwe taa chache kabisa, za kupakia na kupakua tu. Ikiwezekana draiva zikae nje ya chumba, ukizingatia urefu wa waya ambao mtengenezaji ameuruhusu.

Sensa, au swichi ya mlangoni inayozima ukifunga?

Sensa. Swichi ya mlango inayozima taa mlango ukifungwa inafaa friji ya nyumbani, ambayo mtu haingii. Kwenye chumba, upepo ukisukuma mlango, kijana anabaki gizani kwenye nyuzi -20. Ukiikuta imefungwa, iondoe leo.

Sensa ya joto la mwili inafanya kazi, ila lenzi yake ikishika theluji inapofuka, na mtu aliyevaa koti zito la friza hutoa joto kidogo la kuonekana. Sensa ya mikrowevu haijali mavazi, na inaweza kukaa ndani ya kava ya taa, lakini huona pia mapazia ya plastiki yanayotikisika. Ipunguzwe makali. Kwenye njia za rafu ndefu usizime kabisa: shusha hadi asilimia 10, ipande mtu akija. Dereva wa folklifti hapaswi kuingia kwenye giza totoro.

Taa za dharura ni lazima?

Ndiyo, na betri ndiyo ya kuangalia. Betri nyingi za kawaida hupoteza nguvu kwenye baridi, kwa hiyo taa ya dharura ya dukani ikifungwa kwenye friza itakukatisha tamaa usiku ule unaoihitaji. Ama nunua iliyoandikwa kwa baridi hiyo, ama betri ikae nje na waya uingie ndani. Komeo la ndani la mlango liwe na rangi inayong'aa gizani, na kengele ya aliyefungiwa iwe na taa yake isiyozimwa na swichi ya chumba. Ijaribuni kila mwezi, mlango ukiwa umefungwa na mtu wa pili akiwa nje.

Umeme wetu unapanda na kushuka. LED zitadumu?

Zitadumu ukizilinda. Kinachoua draiva ni ule mshtuko umeme unaporudi na mota kubwa zinapoanza kwa pamoja. Weka kinga ya mshtuko kwenye bodi, ethi iwe ya kweli, na taa ziwe na laini yake tofauti na kompresa. Draiva ya volti 100 hadi 277 huvumilia kuyumba vizuri kuliko ya 220 hadi 240.

Chumba changu ni kontena linalotumia sola. Kuna tofauti?

Tofauti ni kwamba hapa kila wati inaonekana kwenye betri. Kontena la futi 40 linatosheka na taa tatu za wati 20. Kama mfumo una volti 24, tafuta taa za volti 24 moja kwa moja, usipitishe kwenye inveta bure.

Nani anaruhusiwa kufunga?

Tanzania, fundi mwenye leseni ya EWURA. Kenya, mwenye leseni ya EPRA. Awepo na fundi wa friji siku ya kutoboa paneli, kwa sababu tundu moja baya linawahusu wote wawili na kila mmoja atasema ni la mwenzake.

Sina hela ya kubadilisha zote. Nianze wapi?

Anza na friza, kabla ya chumba cha nyuzi 4, kwa sababu huko kompresa inakulipisha zaidi. Ndani ya friza anza na taa zinazowaka saa nyingi. Na kabla ya kununua hata moja, panda juu ya dari na bomba la silikoni na povu, ukazibe matundu.

Tyubu za zamani nizitupe wapi?

Msizivunjie ndani ya chumba wala kuzirusha jalalani. Hamisheni bidhaa kwanza, zishusheni nzima, zirudisheni kwenye maboksi ya zile mpya, kisha mkabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi anayetambuliwa na mamlaka ya mazingira ya nchi yenu. Moja ikivunjika, msifagie kwa ufagio mkavu. Zimeni feni za evapureta ili vumbi lisisambae, okoteni vipande kwa glavu na karatasi nene, futeni kwa kitambaa chenye maji, na chakula chochote kilichokuwa wazi chini yake kitolewe.